Mdogo wangu anasema chuoni kila mtu anakunywa

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mkazi wa Lamu, mtaa wa Langoni, mama wa watoto wawili. Nakuandikia kuhusu mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Nitamwita Sefu, ingawa silo jina lake. Yuko mwaka wa tatu chuo kikuu huko Nairobi, anasomea uhandisi. Baba yetu alifariki Sefu akiwa darasa la saba, na tangu hapo karo yake tunaichanga: mimi kwa kushona mabuibui, kaka yetu kwa kazi ya bahari, na ami yetu kwa duka lake. Ndiye wa kwanza nyumbani kwetu kuingia chuo kikuu. Mama akipita njiani watu humwita Mama Injinia.

Amekuja likizo. Nikawa natoa nguo zake nizifue, na katikati ya kanzu aliyokunjiwa na mama mwenyewe nikakuta chupa bapa ya robo, imebaki kama vidole viwili. Nilidhani ni mafuta ya nywele mpaka nilipofungua kifuniko, harufu ya pombe ikanipiga.

Nilimwita juu darini tuwe wawili tu. Hakukana. Alisema, "Dada, chuoni kila mtu anakunywa, wala si Kenya peke yake." Akatoa simu akanionyesha video: wanafunzi wa Ujerumani wanaimba bilauri mkononi, Wakorea wanamiminiana, Wamarekani wanakunywa kwa mrija wa mpira huku wenzao wanahesabu. Akasema hata hapo Malindi Wagiriama wanakunywa mnazi mbele ya wazee wao na hakuna anayelia. "Ni utamaduni tu, sisi ndio tuliofungwa." Nikamuuliza yeye hunywa lini. Akanyamaza, kisha akasema usiku, ili apate usingizi. Halafu akaniambia kuwa muhula uliopita ameanguka masomo mawili. Hilo hajui mtu ila mimi.

Mama ana presha, sijamwambia. Ami nadhani amehisi jambo, kwa sababu juzi baada ya Ishaa alisema akisikia lolote atakata karo, Sefu arudi akae naye dukani, na aozeshwe apate akili. Nami najua ami hasemi mara mbili.

Shangazi, ni kweli wanafunzi wa dunia nzima wanakunywa? Kama ni kweli, wanatafuta nini humo? Na mimi nifanye nini? Nimwambie ami, nimwambie mama, au ninyamaze mpaka arudi chuoni mwezi ujao?

Dada mkubwa, Lamu

* * *

Marahaba mwanangu,

Pole, na hongera kwa kumwita darini badala ya kumpigia kelele barazani. Umejua kitu ambacho ami angekikosa kwa sababu uliuliza swali ukasubiri jibu. Jibu lenyewe, kwamba hunywa usiku apate usingizi, ndilo lililonishtua kuliko ile chupa, na huko ndiko ninakotaka tufike. Lakini umeuliza juu ya dunia, na Sefu ameifanya dunia kuwa wakili wake, kwa hiyo tumsikilize kwanza wakili huyo.

Si kweli kwamba kila mtu anakunywa. Chukua Marekani, nchi ambayo video zake zimejaa vijana wa chuo na pombe. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard waliwauliza wanafunzi zaidi ya 17,000 katika vyuo 140. Walitaka kujua nani, katika wiki 2 zilizopita, alikuwa amekunywa glasi 5 au zaidi kwa mkao mmoja, au 4 kwa wanawake. Waliokubali walikuwa asilimia 44. Ni wengi, na ni jambo la kutia hofu, lakini zaidi ya nusu hawakuwa wamefanya hivyo, na wamo wasioigusa kabisa.

Mwaka huohuo watafiti wawili, Prentice na Miller, walichapisha walichokikuta kwa wanafunzi wa Princeton, na hicho kinamhusu Sefu moja kwa moja. Kwa wastani, mwanafunzi alipoulizwa alisema moyoni hakupendezwa na ulevi wa pale chuoni kama alivyodhani wenzake wanavyopendezwa. Wenzake nao walisema vivyo hivyo. Ukumbi mzima wanacheka na kupiga makofi, na kila mmoja anadhani mwenye wasiwasi ni yeye peke yake. Basi "kila mtu" wa Sefu ni wale anaowaona. Waliolala mapema, walioko maktaba, na walioko kwenye kile chumba cha kuswalia cha chuo usiku wa Jumamosi hawapigwi video.

Sasa wanaokunywa, wanatafuta nini? Mtafiti wa Marekani aitwaye Lynne Cooper alizipanga sababu za vijana mwaka 1994 katika mafungu manne, na wengi wanaochunguza jambo hili hadi leo wanatumia mpango wake. Wapo wanaokunywa ili kunogesha mkutano na wenzao. Wapo wanaotaka ule msisimko wenyewe, kichwa kiwe chepesi. Wapo wanaokunywa ili kuzima machungu, hofu au mawazo. Na wapo wanaokunywa wasije wakachekwa au kutengwa. Mwaka 2017 ilitoka kazi iliyowalinganisha wanafunzi wa vyuo wa nchi 10, na katika nchi zote hizo sababu iliyoongoza ilikuwa ile ya kwanza, kunogesha mkutano. Kwa hiyo Sefu hajakosea kabisa: kuna kinachofanana. Ila katika hizo nne, ile ya kuzima machungu ndiyo ambayo tafiti nyingi zimeikuta ikifuatana na matatizo ya pombe. Anayekunywa kwa ajili ya wenzake, wenzake wakiondoka huweza kuacha glasi. Anayekunywa kwa ajili ya maumivu hubaki na maumivu yake wakati watu wote wamekwenda kulala, na chupa iko karibu.

Hizo video zake pia zinastahili kuangaliwa vizuri, kwa sababu hakuna hata moja inayofanana na robo iliyofichwa ndani ya kanzu. Wanafunzi wa Ujerumani na wa Sweden wana karamu zao za kale ambazo mtu hanyanyui bilauri ovyo: wimbo huanzishwa, wote huimba, kisha hunywa pamoja. Korea, mdogo hupokea glasi kwa mikono miwili na kugeuza uso pembeni anapokunywa mbele ya mkubwa wake. Ni adabu nzuri kuitazama, lakini mwulize mwanafunzi mpya anayemiminiwa na mwanafunzi wa juu yake kama ana ubavu wa kusema hapana. Japani wana mtindo wa kumtaka mmoja amalize glasi kwa pumzi moja huku wengine wanaimba "ikki, ikki", na wanafunzi wapya wamekufa kwa namna hiyo. Tena watu wengi wa pande hizo za Asia wamezaliwa na miili isiyovunjavunja pombe vizuri, uso huwaka nyekundu na moyo kudunda, na bado hunywa kwa sababu aliyewamiminia ni mkubwa. Marekani nako, sheria ya mwaka 1984 iliyafanya majimbo kupandisha umri wa kununua pombe hadi miaka 21. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hajaufikia, kwa hiyo wengi hunywa vyumbani, kwa siri na kwa haraka, kabla ya kutoka. Siri na haraka, mwanangu. Hayo mawili yaweke akilini, maana mdogo wako anayo yote mawili na hana hata sherehe ya kwenda.

Wagiriama tusiwataje kwa video. Mimi naishi nao hapa Malindi, ni majirani na wakwe zetu. Mgema hupanda asubuhi na jioni, na tembo lile, ndio huo mnazi, likitoka mtini huwa tamu, likashinda mchana kutwa huwa kali. Hunywewa kwa mboko, yaani kibuyu, na mrija. Hupelekwa penye mahari, huletwa penye matanga, na mzee humwagia koma wake, roho za wazee waliotangulia, kidogo chini kabla ya yeye kuonja. Kijana akiketi hapo anajua nani aanze, nani amhudumie nani, na mzee akisema basi, ni basi. Lakini wazee haohao wa Kigiriama watakuonyesha vijana waliopotelea mangweni, kwenye vilabu vya mnazi, wanaoingia asubuhi bila mahari wala matanga, na watakwambia kwa uchungu kwamba huo si mnazi wa babu zao. Waitaliano wanaoishi hapa Malindi nao huweka mvinyo mezani penye chakula, na wengi wao huona ni aibu mtu kuyumba mbele ya watu. Sisi Waislamu tumekatazwa yote hayo, na sina haja ya kumhubiria Sefu alichokisoma madrasa. Nasema tu kwamba kwa hao wote pombe ina mahali pake, saa yake na macho ya watu. Ya Sefu haina mwenzake, haina mzee, haina hata wimbo. Ameazima utamaduni wa watu afunikie chupa yake. Nawe usibishane naye juu ya Wakorea, utachoka bure.

Turudi kwenye usingizi. Pombe kweli humlaza mtu upesi, na hapo ndipo inapomdanganya. Ikianza kutoka mwilini, ile nusu ya pili ya usiku huvurugika: mtu hushtuka, hutoka jasho, hugeuka huku na huku, na kuamka amechoka kuliko alivyolala. Usiku unaofuata anahitaji zaidi kidogo ili apate kilekile. Hesabu ya ile robo ni hii: mililita 250, na kama nguvu yake ni asilimia 40 kama zilivyo nyingi, ndani yake mna karibu gramu 80 za pombe yenyewe. Shirika la Afya Duniani huhesabu gramu 10 kuwa kinywaji kimoja, basi robo ni karibu vinywaji 8, na ini huhitaji takriban saa nzima kwa kila kimoja. Akiimaliza saa sita usiku, saa mbili asubuhi anapoingia darasani huenda bado haijamtoka yote. Mtu wa namna hiyo kuanguka masomo mawili si uvivu wala si ujinga.

Nionavyo mimi, hofu ilianza kabla ya chupa. Kijana aliyefiwa na baba darasa la saba, anayesomeshwa kwa cherehani ya dada na bahari ya kaka, ambaye mama yake anaitwa Mama Injinia naye bado hajawa injinia, huyo kila akifunga macho anawaona ninyi nyote. Kama alianguka somo moja mwanzoni, angemwambia nani? Mwenzake anayetoka nyumba wanayokunywa angeweza kumpigia baba yake simu akasema nimezidisha. Sefu hawezi, maana kwake kosa si kuzidisha, ni kugusa. Kwa hiyo amebeba aibu mbili, ya mtihani na ya chupa, na kila moja inamzuia asiitaje nyingine.

Basi nenda naye kijiji cha Shela kwa miguu. Jioni maji yakiwa yametoka ni mwendo wa kama dakika 40, mtu anatazama mbele wala hatazamwi usoni, na wanaume wetu husema zaidi namna hiyo. Usimuulize "ulianza lini kunywa?" Hilo atalijibu kama mshtakiwa. Muulize, "Ulianza lini kukosa usingizi?" Kisha nyamaza, hata kama mtafika penye maboti hajasema kitu. Akianza, usimkatize kwa aya wala kwa machozi ya mama.

Yapo machache lazima uyajue siku hiyohiyo. Muulize kama zile siku za mwanzo alizokuja nyumbani mikono ilimtetemeka asubuhi, alitoka jasho au kutapika. Kama ndivyo, au kama amekuwa akimaliza robo kila siku, asiache ghafla kwa kujifungia chumbani na kula yamini. Mwili uliozoea ukinyimwa kwa mkupuo unaweza kupata kifafa, na watu hufa. Mpeleke hospitali akapimwe, aachishwe chini ya macho ya daktari. Muulize pia, kwa maneno yaleyale ya wazi, kama amewahi kuona bora asingekuwapo duniani. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo kichwani. Akisema ndiyo, usimwache peke yake usiku ule, na hapo siri yenu imekwisha: mwite kaka yenu.

Kama hayo hayapo, una muda wa kupanga. Chuo chake, kama vyuo vikuu vingi vyetu, kitakuwa na ofisi ya ushauri nasaha chini ya mlezi wa wanafunzi, na haileti gharama kuingia. Namba ya NACADA, mamlaka ya serikali ya Kenya inayopambana na pombe na dawa za kulevya, ni 1192, haitozwi, na anaweza kupiga bila kukutaja wewe wala Lamu. Daktari au mshauri atampa maswali 10 yaliyotungwa na Shirika la Afya Duniani ya kupima pombe imemfikisha wapi. Akishapimwa mtajua kama yuko ukingoni au ameshazama, na hamtakisia tena. Akitaka pia kuzungumza na mtu wa dini, mtafutie maalimu msiri, asiyeweza kumfanya mfano kwenye khutba ya Ijumaa. Sefu anajua kwamba hata katazo lenyewe lilishuka hatua kwa hatua katika sura za Qurani, Baqara, kisha Nisaa, kisha Maida. Simhalalishii kitu. Nataka asikate tamaa siku akiteleza tena, kwa sababu wengi huteleza, na mlango wa toba haufungwi kwa kuteleza mara ya pili.

Kuhusu ami, hapa nitasema bila kuzunguka. Mke si dawa ya pombe. Mkimwoza kijana asiyelala usiku mtakuwa mmemchukua binti wa watu mkamlaza kando ya tatizo ambalo hakulifanya, na baada ya mwaka mtakuwa na nyumba mbili za kuziombea. Dukani nako ataona amehukumiwa maisha, na robo inauzwa hata Lamu, ukitaka kujua. Lakini ami anachanga karo, ana haki ya kujua iko wapi pesa yake. Ila usimwambie wewe. Mpe Sefu muda mpaka wiki moja kabla ya kusafiri, amwambie mwenyewe habari ya masomo mawili, nawe uwe umeketi pembeni yake. Lile la pombe alitaje akiwa ameshaanza matibabu au ushauri, aje na hatua mkononi. Ami mkali huweza kumvumilia mgonjwa anayekwenda hospitali. Anachoshindwa kuvumilia ni kudanganywa.

Mama mngojeeni kidogo, presha yake ishuke na habari iwe na upande wa pili. Akikuuliza mwenyewe, usimwambie uongo. Mwambie, "Mama, Sefu hajalala vizuri tangu mwaka jana, tunamtafutia daktari." Ni kweli tupu, na mama wa Lamu akiambiwa mtoto halali atajua la kufanya na maziwa na dua zake.

Wewe nawe acha kupekua begi lake. Ulichokihitaji umekipata, na ukiendelea atahamisha chupa, na maneno atayahamisha pamoja nayo. Pesa ya chakula mpelekeeni kwa wiki badala ya muhula mzima, mkikubaliana naye mkiwa mmeketi, isiwe adhabu ya kushtukizwa. Karo ilipeni chuoni moja kwa moja. Na kabla hamjailipa, Sefu apige simu idarani kwake aulize mtihani wa sapu, yaani wa kurudia, wa yale masomo mawili ni lini na ada yake ni kiasi gani, kwa sababu mara nyingi hutozwa mbali na karo, na mwanafunzi asiyejiandikisha kwa wakati huachwa mpaka mwaka mwingine. Akipiga simu hiyo wewe ukiwapo, niandikie uniambie walimjibu nini.

Shangazi, Malindi